Leseni ya C-2: shajara ya mradi wetu wa insulesheni, Sacramento

8 Februari 2025

Mradi wenyewe ni huu. Shemeji yangu, mume wa dada, amefunga insulesheni za nyumba hapa Sacramento miaka na miaka akiwa chini ya wakandarasi wengine, na sasa anataka leseni yenye jina lake. Yeye ni wa kupanda juu ya dari, mimi ni wa makaratasi. Naandika kila hatua kwa sababu sisi Waswahili wa huku tunaulizana maswali haya haya kila tukikutana kwenye harusi na matanga, na jibu utakalopewa linategemea umekaa sinia moja na nani.

Nianze na sheria. California kazi ya insulesheni ina leseni yake peke yake, daraja la C-2, na inatolewa na CSLB, bodi ya jimbo ya leseni za wakandarasi. C-2 inakuruhusu kufunga chochote cha kuzuia joto, baridi au sauti: sufu ya fibaglasi, selulosi ya kupuliza, povu, hata zile dari za ofisini zinazomeza mwangwi. Siyo majimbo yote yako hivi. Binamu yetu wa Houston alipotusikia alicheka sana, maana Texas haina leseni ya jimbo kwa kazi hii. Anayetaka ananunua mashine, anabandika namba ya simu kwenye gari, anaanza.

Huku ukifanya hivyo umejitafutia balaa. Tangu 1 Januari 2025 asiye na leseni anaruhusiwa kazi ya chini ya dola 1,000 tu, vifaa na ufundi kwa pamoja. Zamani kikomo kilikuwa dola 500. Na hata hapo kazi isiwe ya kuhitaji kibali cha ujenzi, wala asiwe ameajiri mtu wa kumsaidia. Kuikata kazi moja vipande vipande ili kila kipande kipite chini ya kikomo nako ni marufuku. Sasa niambie, ni nyumba gani utaipulizia dari nzima kwa chini ya dola 1,000? Nafuu hiyo ni ya mtu wa kubadilisha kitasa.

Adhabu ya kosa la kwanza ni faini ya hadi dola 5,000, au jela ya hadi miezi sita, au vyote viwili. Lakini mimi mshika daftari kinachonitisha zaidi ni kifungu cha 7031 cha sheria ya biashara na taaluma. Asiye na leseni hana mlango wa mahakama wa kudai ujira wake, na mteja anaweza kudai arudishiwe kila senti aliyokwisha kulipa, hata kama kazi ilifanywa vizuri kabisa. Fibaglasi inabaki darini kwake na pesa inarudi mfukoni kwake. Shemeji aliponisikia nikisoma hayo kwa sauti alinyamaza, halafu akasema, "Basi shemeji, tuanze leo."

15 Februari

Leo tumebishana aina ya biashara. Mimi nilitaka kampuni, yeye alitaka jina lake tu. Hesabu ndizo zilizoamua.

Ada ya maombi ni dola 450 kwa kila mtu, ila ada ya leseni ya kwanza ni dola 200 kwa mmiliki binafsi na dola 350 kwa kampuni au ubia. Tofauti hiyo ni ndogo. Kubwa iko kwenye dhamana. Kila mkandarasi anaweka dhamana ya dola 25,000 (kabla ya 2023 ilikuwa 15,000), lakini kampuni ya aina ya LLC, yaani ya dhima yenye kikomo, inaongezewa dhamana nyingine ya dola 100,000 kwa ajili ya mishahara ya wafanyakazi, pamoja na bima ya madai isiyopungua dola milioni moja. Kwa biashara yenye mashine moja ya kukodi na gari la mkopo, huko ni kuvaa kanzu ya babu yako.

Watu wengi wanadhani dhamana hiyo maana yake uwe na dola 25,000 benki. Sivyo. Unakwenda kwa kampuni ya dhamana, wanaangalia rekodi yako ya mikopo, na unalipa ada ya mwaka ambayo ni sehemu ndogo ya kiasi hicho. Ila isichanganywe na bima. Mteja akidai na kampuni ikamlipa, inakugeukia wewe uirudishie.

Tumekubaliana: mmiliki binafsi, jina la Shemeji. Ubaya wake ni kwamba leseni ya aina hiyo ni ya mtu, haihamishiki. Siku akiacha kazi, hatuwezi kumkabidhi mtoto. Tukikua tutaomba upya kwa jina la kampuni.

1 Machi

Hapa ndipo mradi wote ulipo, na nitakaa hapa kidogo.

Watu wakizungumzia leseni wanazungumzia mtihani. Mtihani unasomewa, unafanywa, ukianguka unarudia. Kinachokwamisha watu wetu ni fomu ya kuthibitisha uzoefu. Bodi inataka miaka minne ya kazi ndani ya miaka kumi iliyopita, na siyo kazi yoyote tu: uwe fundi kamili unayeweza kuifanya bila kusimamiwa, au msimamizi, au mkandarasi. Muda uliokuwa msaidizi hauhesabiwi. Mwaka ule wa kwanza wa Shemeji, alipokuwa anavuta bomba la kupulizia, anabeba magunia na kuokota plastiki uwanjani kwa mteja, tumeufuta kwenye hesabu. Mafunzo ya darasani yanaweza kufidia hadi miaka mitatu kwa mwenye vyeti vinavyokubalika, lakini yeye darasa lake lilikuwa ni dari.

Kisha, wewe mwenyewe huwezi kujithibitishia. Lazima mtu aliyekuona kwa macho yake ukifanya kazi hiyo aweke sahihi, tena chini ya tishio la kosa la kusema uongo kwa kiapo. Anaweza kuwa mwajiri, fundi mwenzako, mkandarasi mwingine, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mkaguzi wa majengo, msanifu au mhandisi.

Mwajiri wa zamani, ambako Shemeji alikaa muda mrefu kuliko kwingine kote, hapokei simu. Tulimtumia fomu kwa posta, kimya. Shemeji akaenda ofisini mwenyewe, akaambiwa na dada wa mapokezi kwamba bosi "ataiangalia". Nadhani hataiangalia. Anajua kabisa kwamba sahihi yake inazaa mshindani, na hakuna sheria inayomlazimisha. Nimewasikia wengi waliokwama hapa hapa: mtu ana mikono ya dhahabu, ana miaka ya kutosha na ziada, lakini ushahidi wa miaka hiyo umeshikwa na mtu asiyetaka kuuachia.

9 Machi

Mlango umefunguka upande mwingine. Kuna fundi mwenzake waliyefanya kazi pamoja timu moja kwa miaka yote hiyo, Mmeksiko wa makamo, yeye mwenyewe fundi kamili tangu Shemeji hajafika nchi hii. Alikuja nyumbani Jumapili, akala wali na samaki wa nazi, akaomba pilipili zaidi, kisha akakaa na fomu kama mtu anayesoma hati ya shamba. Alikataa kuandika tarehe ambazo hakuwa na uhakika nazo. Ilibidi Shemeji atafute picha kwenye simu yake, zile za mwanzo wa kazi, ndipo wakakubaliana mwezi. Kwenye sehemu ya kueleza kazi aliandika kwa herufi kubwa: kukata na kufunga fibaglasi kwenye kuta, kupuliza selulosi na fibaglasi darini, kuziba mianya ya hewa kwa povu, kufunga vizuizi vya kupitisha hewa pembeni mwa paa, kusoma ramani.

Mimi nimekusanya ushahidi wa nyongeza kwa sababu sheria inaitaka bodi ichunguze kwa kina angalau asilimia 3 ya maombi, na hakuna anayejua nani ataangukiwa. Fomu za mshahara za W-2 za kila mwaka zipo. Vijikaratasi vya malipo vipo, vingine vina doa la chai. Zile kazi za Jumamosi alizolipwa taslimu sikuzigusa. Kama hakuna karatasi, na tuseme hakuna kazi.

Kwa wanaosoma hapa na ambao bado mko kwa waajiri: wekeni W-2 zenu. Na siku mnaagana na mwajiri kwa heri, ombeni sahihi siku hiyo hiyo, moyo wake ukiwa bado laini.

16 Machi

Tumeletewa "njia ya mkato". Jamaa mmoja, simjui vizuri, ana leseni ya C-2 na hafanyi kazi tena. Yuko tayari "kutukodisha" kwa malipo ya kila mwezi. Eti jina lake likae kwenye karatasi tu na sisi tufanye kazi zetu.

Mtu aliyekulia Afrika Mashariki ameshaiona biashara hii, ya mwenye cheti ambaye haonekani na asiye na cheti anayefanya kazi. Sheria ya hapa imeiziba kwa hesabu: mtu anayeiwezesha biashara kupata leseni akiwa ni mwajiriwa wake lazima awe kazini angalau saa 32 kwa wiki, au asilimia 80 ya muda wote ambao biashara inafanya kazi, kama huo ni mdogo zaidi. Na lazima asimamie kazi kwelikweli. Ikibainika ni jina tupu, anaharibikiwa yeye na mnaharibikiwa ninyi. Nimemwambia asante, hapana. Shemeji alitaka kufikiria kwanza. Nikamsomea tena 7031.

5 Aprili

Maombi yametumwa. Jambo la kuwaambia wengine: bodi inapokea namba ya hifadhi ya jamii, na asiye nayo anaweza kutumia namba ya mlipakodi ya ITIN. Umri ni kuanzia miaka 18. Shahada haihitajiki.

2 Mei

Barua imekuja, maombi yamekubaliwa. Pamoja nayo ni maelekezo ya alama za vidole, ambazo zinapelekwa idara ya sheria ya jimbo na FBI. Unalipa dola 32 kwa jimbo na 17 kwa FBI, na juu yake ya yule anayekuchukua alama. Vidole vya fundi wa insulesheni ni taabu kwa mashine. Vimesuguliwa na nyuzi za kioo hadi mistari inafifia. Dada wa kwenye kaunta alimpaka losheni mara kadhaa, akambonyeza kidole gumba mpaka Shemeji akauliza kama naye anatafuta leseni ya ukandarasi.

Muda wa kufaulu mitihani yote miwili ni miezi 18 tangu maombi yakubaliwe. Ni muda mrefu, lakini ajabu ni kwamba wengi huumaliza.

24 Mei

Kijitabu cha asbesto, yale madini ya nyuzi nyuzi yanayoharibu mapafu. Kila mwombaji anajibu maswali yake akiwa amefungua kitabu, nyumbani, kabla leseni haijatoka. Nilidhani ni utaratibu wa kupita tu, mpaka Shemeji aliporudi kutoka kazini wiki hii na kisa.

Nyumba ya zamani, mteja anataka kuongezewa insulesheni juu ya ile iliyopo. Shemeji kafungua kifuniko cha dari, kamulika tochi, kaona punje punje nyepesi za rangi ya kijivu na dhahabu, zinameta kama vipande vya mika, zimejaa katikati ya mbao. Akafunga kifuniko taratibu, akashuka ngazi. Hiyo ni vermikulaiti. Sehemu kubwa ya vermikulaiti iliyouzwa Marekani kwa miongo mingi ilichimbwa Libby, Montana, mgodi uliofungwa 1990, na mwamba wa Libby ulikuwa umechanganyika na asbesto. Ushauri wa EPA, shirika la serikali kuu la mazingira, ni kwamba ukiiona uichukulie kuwa ina asbesto na usiiguse. Kiongozi wao kazini alisema pulizieni juu yake, nani atajua. Shemeji alikataa, na mwenye nyumba alipoelezwa alimuunga mkono Shemeji.

C-2 haikupi ruhusa ya kuondoa asbesto. Kwa hilo unahitaji cheti tofauti cha bodi na, kazi ikiwa ya futi za mraba 100 au zaidi, usajili kwa kitengo cha usalama kazini cha jimbo. Sisi hatuitaki kazi hiyo. Tunachotaka ni kuijua tukiiona.

Ya pili inayofanana nayo ni nyaya za zamani zilizoshikwa na vigololi vya kaure na kupitishwa kwenye mirija ya kaure. Zilitengenezwa zipoe kwa hewa. Ukizifunika kwa selulosi joto halina pa kutokea. California inataka mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya C-10 azikague na kuthibitisha kabla hujazifunika. Nimeliandika kwenye orodha ya kukagua nyumba, mstari wa kwanza, kabla hata ya kupima futi.

14 Juni

Mitihani miwili: mmoja wa ufundi, mmoja wa sheria na biashara. Yote ni ya kuchagua jibu, bila kitabu, kwenye kompyuta. Toleo la Kiswahili halipo.

Wa ufundi hakuuogopa. Wa sheria ndio uliomkosesha usingizi, kwa sababu haumuulizi kuhusu insulesheni hata kidogo: mikataba, mishahara, kodi za wafanyakazi, bima, usalama, na haki ya mkandarasi kuiwekea nyumba zuio mpaka alipwe. Hapo kwenye zuio tulikaa jioni nzima jikoni, dada akitupikia na kutucheka. Ukiwa umepewa kazi na mkandarasi mkuu na siyo na mwenye nyumba, ili usiipoteze haki hiyo unatakiwa upeleke notisi ya awali ndani ya siku 20 tangu uanze kazi au ulete vifaa. Ukichelewa, notisi inalinda siku 20 za nyuma tu. Kazi ya insulesheni ya nyumba nzima inaisha kwa siku chache, kwa hiyo ukijisahau wiki tatu unusu, kazi yote imeanguka nje ya ulinzi. Shemeji akasema miaka yote hiyo aliona waajiri wake wanatuma barua kwa watu kabla hata ya kuanza kazi na alidhani ni matangazo.

28 Juni

Kafaulu yote. Matokeo yanatoka papo hapo. Alinipigia akiwa kwenye maegesho, sikuelewa neno hata moja, nikajua tu kafaulu.

12 Julai

Tunasubiri, lakini dunia haisubiri. Tarehe 4 mwezi huu Rais amesaini sheria ya bajeti inayomaliza nafuu ya kodi ya serikali kuu kwa wanaoweka insulesheni majumbani: asilimia 30 ya gharama ya vifaa, hadi dola 1,200 kwa mwaka. Mwisho ni 31 Desemba 2025. Maana yake simu zitakuwa nyingi vuli hii na chache baada ya Mwaka Mpya. Sisi tunaingia sokoni wengine wanavuna.

Na joto. Kuanzia 23 Julai 2024 California ina kanuni ya joto la ndani: eneo la kazi likifika nyuzi 82 za Farenhaiti, karibu 28 za Selsiasi, mwajiri lazima awe na maji, mahali pa kupoa, na mafunzo. Likifika 87 kuna hatua za ziada. Juu ya dari ya Sacramento mwezi huu kipimajoto cha Shemeji kimesoma 130. Kuna waajiri wanaoanza alfajiri na kumaliza kabla ya saa tano asubuhi. Sisi tutafanya hivyo. Nimeiandika ndani ya mpango wetu wa usalama, maana huo nao lazima uwe wa maandishi siku tutakapoajiri.

9 Agosti

Dhamana imewekwa, ada ya dola 200 imelipwa, kijitabu cha asbesto kimekubaliwa, alama za vidole ziko safi. Imebaki fomu ya bima ya fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Asiye na mwajiriwa hata mmoja anajaza tamko la msamaha. Kuna fani ambazo hazipewi tena msamaha huo hata ukifanya kazi peke yako, kama za paa na za viyoyozi. Wengine wote, sisi tukiwemo, tulikuwa tuingizwe Januari 2026, lakini sheria ya 2024 ikasogeza hadi 1 Januari 2028.

Swali likawa: na mimi? Ninapokea simu, natunza vitabu. Nikilipwa mshahara, mimi ni mwajiriwa na msamaha umekufa. Na ukweli ni kwamba kupuliza dari hakufanyiki na mtu mmoja. Mmoja yuko juu ameshika bomba, mwingine yuko chini anailisha mashine. Kusaini tamko la "sina mfanyakazi" halafu kumleta kijana wa jirani ni kutafuta kesi. Tumenunua bima. Imeuma. Ni gharama kubwa kuliko leseni, dhamana na alama za vidole kwa pamoja, na hakuna aliyetuambia mapema kwenye yale masinia.

23 Agosti

Namba ya leseni imetoka. Unaitafuta kwenye tovuti ya bodi na jina la Shemeji linatokea, na neno "hai" mbele yake kwa Kiingereza. Dada kaifanyia picha na kuituma Tanga, ambako mama mkwe wake ameuliza kama sasa anaruhusiwa kuendesha gari.

13 Septemba

Mkataba wa nyumba ndio kazi yangu ya mwezi huu, na ni sehemu ambayo leseni inaanza kukubana badala ya kukupa.

Malipo ya awali hayazidi asilimia 10 ya mkataba au dola 1,000, kile kilicho kidogo. Chukua kazi ya dola 4,200: unaruhusiwa kuomba dola 420 tu. Kwa hizo ununue selulosi, ukodi mashine, uweke mafuta. Zaidi ya hapo, huwezi kupokea pesa inayozidi kazi uliyofanya na vifaa ulivyokwisha kuleta. Kwa mteja ni ulinzi mzuri mno. Nimesoma habari za wazee waliolipa nusu na mkandarasi asionekane tena. Kwa anayeanza, maana yake ni kwamba lazima uwe na mkopo kwa muuza vifaa. Tumefungua akaunti, malipo ndani ya siku 30, na kikomo chake kinatosha nyumba mbili tu kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo kasi yetu basi.

Mkataba pia unampa mteja siku tatu za kazi za kuvunja bila sababu, na siku tano akiwa na miaka 65 au zaidi. Shemeji alitaka kupuliza kesho yake baada ya sahihi, kama alivyozoea kuona. Selulosi ikishaingia kati ya mbao huitoi ukaiuza tena. Tunasubiri siku ziishe.

Halafu kuna karatasi ambayo wakandarasi wengi hawaitoi kabisa ingawa ni kanuni ya serikali kuu, ya tume ya biashara ya FTC, inayojulikana kwa jina la R-value. Baada ya kazi unampa mteja risiti yenye unene, eneo na kiwango cha R (kipimo cha jinsi insulesheni inavyozuia joto kupita), na kwa insulesheni ya kupuliza uongeze idadi ya magunia uliyotumia, tarehe na sahihi. Magunia ndiyo siri yenyewe. Fibaglasi au selulosi ukiiongezea hewa mashineni inavimba, rula ya darini inasoma inchi zinazotakiwa, mteja anafurahi, na miezi kadhaa baadaye imelala chini. Kwa hesabu ya magunia huwezi kudanganya: kila gunia lina jedwali linaloonyesha linatosha futi ngapi za mraba kwa R-38. Tumeamua kwamba magunia matupu yanapangwa sebuleni kwa mteja, tunayahesabu mbele yake, ndipo anasaini. Shemeji anasema tutachafua sebule. Tutatandika turubai.

8 Novemba

Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 zinaweza kuwa na rangi yenye risasi, ile metali ya sumu. Tukitoboa ukuta wa nje ili kujaza selulosi, tunavuruga rangi hiyo, na ikizidi futi za mraba 20 nje, au 6 kwa chumba ndani, kanuni ya EPA ya ukarabati inatuhusu. Hii ipo tangu Aprili 2010 na haina uhusiano wowote na C-2. Vinatakiwa vitu viwili tofauti: biashara kusajiliwa, dola 300 kwa miaka mitano, na mtu mmoja kupita kozi ya saa 8. Mpaka Shemeji aipate, kazi za kutoboa kuta za nyumba za zamani tunazikataa. Juzi tumekataa moja nzuri mitaa ya Oak Park, nyumba ya miaka ya 1920. Imetuuma, lakini sijawahi kuona faini ya EPA iliyo ndogo.

Gari limeandikwa: jina la biashara na namba ya leseni pande zote mbili, herufi zisizopungua robo tatu ya inchi. Namba hiyo hiyo iko kwenye kadi, kwenye mkataba na kwenye kila tangazo.

10 Januari 2026

Kanuni mpya za nishati za jimbo zimeanza kazi tarehe 1 mwezi huu kwa vibali vinavyoombwa kuanzia siku hiyo. Kwa nyumba mpya, sisi wa insulesheni tunajaza na kusaini cheti cha ufungaji, kisha mkaguzi wa kujitegemea anakuja kuona kama vipande vimekatwa vizuri kuzunguka nyaya na masanduku ya umeme, bila kubanwa wala kuacha mapengo. Mkaguzi huyo sasa amebadilishiwa jina la cheo na sajili, kazi ni ile ile. Mkandarasi mkuu mmoja wa Elk Grove ametuomba bei ya nyumba kadhaa, na sharti lake la kwanza ni tuonyeshe kwamba tumesajiliwa kutoa vyeti hivyo kwa njia ya mtandao. Nimeshafungua akaunti, bado haijathibitishwa.

Simu za majumbani zimepungua kama tulivyotegemea. Yaliyo mezani wiki ijayo: kozi ya risasi ya Shemeji siku ya Alhamisi, bima ya madai ambayo bei yake mpya sijaipenda na nitauliza kwingine, na kuandika barua ya uzoefu kwa kijana wetu anayelisha mashine. Bado ni msaidizi, kwa hiyo muda wake hauhesabiwi na bodi, lakini tarehe aliyoanza nataka iwe kwenye karatasi yenye sahihi ya Shemeji kuanzia sasa.